Risasi Haijibu Kashfa, na Kuficha Hakuponyi Nyumba

  

Ndugu msomaji, siku chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, kijana mmoja wa darsa yetu alinionyesha katika simu yake habari ya miaka iliyopita kuhusu mwandishi wa siasa wa Denmark, Lars Hedegaard. Alikuwa amesoma kwamba mtu huyu aliwasingizia Waislamu jambo chafu kabisa kuhusu mabinti zao, kwamba alishitakiwa na mwisho wake akaachiwa huru, na kwamba baadaye alifyatuliwa risasi mlangoni kwake, nayo ikamkosa. Kijana akaniuliza: "Sheikh, je, tusikitike kwamba ilimkosa?" Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza wakinitazama.

Usiku ule nilijibu kwa ufupi kwamba damu ya mtu haihalaliki kwa sababu ya ulimi wake, nikafunga darsa. Nilipofika nyumbani nafsi yangu haikuridhika. Kashfa ile ilihusu nyumba zetu, yaani baba na binti yake, mjomba na mtoto wa dada yake. Jibu lake kwa hiyo linawahusu wazazi kabla ya kuwahusu vijana. Ndiyo sababu leo nimeona tuizungumze habari hii tangu mwanzo wake, bila kuongeza wala kupunguza, ili tuone wapi tulipaswa kusimama na wapi tunapaswa kusimama sasa.

Mwenye kalamu

Hedegaard alizaliwa mwaka 1942. Alisomea historia, na katika ujana wake alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, mfuasi wa fikra za Karl Marx. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mhariri mkuu wa Information, gazeti la Copenhagen ambalo mizizi yake ni kazi ya siri ya kupashana habari wakati Denmark ilipokaliwa na majeshi ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa hiyo hatumzungumzii mtu wa vijiweni asiyejua uzito wa neno. Tunamzungumzia mwandishi aliyekalia kiti kilichoasisiwa na watu walioyahatarisha maisha yao ili ukweli upate kusomwa.

Kadiri miaka ilivyokwenda, kalamu yake ilielekea upande mmoja tu, nao ni Uislamu na Waislamu waliohamia Ulaya. Mwaka 2003 alichapisha pamoja na wenzake wawili kitabu kilichodai kwamba Uislamu unazifanya nchi za Magharibi kuwa makoloni yake. Mwaka 2004 alishiriki kuasisi jumuiya ya kutetea uhuru wa uchapishaji, iitwayo kwa Kidenmark Trykkefrihedsselskabet, naye akawa mwenyekiti wake. Aidha, kwa miaka kadhaa alikuwa na nafasi ya kuandika katika Berlingske, gazeti kongwe la nchi hiyo lililoanzishwa mwaka 1749.

Tarehe 30 Septemba 2005 gazeti jingine la Denmark, Jyllands-Posten, lilichapisha vibonzo 12 vya kumdhihaki Mtume wetu (s.a.w.). Yaliyofuata wengi wetu tunayakumbuka. Ujumbe wa maimamu kutoka Denmark ulisafiri hadi Misri na Lebanon kupeleka malalamiko, ukiwa na jalada ambalo, pamoja na vibonzo vile, lilikuwa na picha nyingine ambazo gazeti lile halikuwahi kuzichapisha. Mwezi Februari 2006 balozi zilichomwa moto Damascus na Beirut. Watu waliuawa katika ghasia Afghanistan, Pakistani, Libya na Nigeria. Katika mji wa Maiduguri, kaskazini ya Nigeria, makanisa yalichomwa na Wakristo wasiojua hata Denmark iko upande gani wa dunia wakauawa. Nairobi nayo iliona maandamano baada ya swala ya Ijumaa.

Tujiulize kwa unyofu: ni mchoraji gani aliyedhurika kwa kanisa kuchomwa Maiduguri? Walioumia ni majirani wa Waislamu na Waislamu wenyewe. Na kwa watu wenye fikra za Hedegaard, moshi ule ulikuwa neema. Waliyokuwa wakiyasema kwa miaka mingi bila kusikilizwa na wengi, sasa waliweza kuyaonyesha kwa picha za televisheni.

Maneno ya Desemba 2009

Mwezi Desemba 2009 Hedegaard alihojiwa nyumbani kwake, na mahojiano hayo yakasambazwa katika intaneti. Humo alisema kwamba katika familia za Kiislamu mabinti hunajisiwa na watu wa nyumba yao wenyewe, akiwataja baba, ami na mabinamu. Hakusema kwamba yuko mtu fulani aliyetenda uovu huo. Aliusema kama tabia ya Waislamu. Baadaye alieleza kwamba hakukusudia Waislamu wote, lakini mshale ulikuwa umekwisha kutoka katika upinde. Hata baadhi ya watu mashuhuri waliokuwa upande wa jumuiya yake walijitenga nayo.

Sheria ya jinai ya Denmark, katika kifungu cha 266b, inakataza kulidhalilisha hadharani kundi la watu kwa sababu ya asili yao au imani yao. Mwendesha mashitaka akamfikisha Hedegaard mahakamani. Tarehe 31 Januari 2011 mahakama ya Frederiksberg ilimwachia. Tarehe 3 Mei mwaka huo mahakama ya rufaa ilimtia hatiani na kumtoza faini ya kroner 5,000. Tarehe 20 Aprili 2012 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, kwa kauli moja ya majaji saba, ilimfutia hatia. Mbunge Jesper Langballe, aliyejitokeza kumtetea kwa maneno makali zaidi, alikuwa amekwisha kukiri kosa mwezi Desemba 2010 na kutozwa faini ya kiasi hicho hicho.

Hapa inatupasa tuwe waangalifu, kwani wapo wanaosema kwamba mahakama ilithibitisha maneno yake. Haikufanya hivyo. Sheria ile inamtaka mshitakiwa awe amesema hadharani au kwa nia ya kuyaeneza maneno yake kwa watu wengi, na majaji waliona kwamba nia hiyo haikuthibitika, kwa kuwa mazungumzo yalifanyika nyumbani kwake. Aliachiwa kwa sababu ya namna maneno yalivyotoka, na ukweli wa maneno hayo haukuwa umethibitishwa na yeyote. Vilevile wapo Waislamu wanaosema kwamba majaji walikula njama. Hilo nalo ni kusema bila ushahidi. Jaji anayemwachia mtu kwa sababu kosa halikutimiza masharti ya sheria anafanya kazi ambayo hata makadhi wetu wameifanya tangu zamani, na mwanafunzi yeyote wa fiqhi anajua kwamba adhabu huzuiwa pale penye shaka.

Mtu aliyevaa nguo za posta

Tarehe 5 Februari 2013 mtu mmoja aliyevaa koti jekundu la watumishi wa posta alibonyeza kengele ya nyumba ya Hedegaard huko Frederiksberg, akadai ameleta kifurushi. Mzee huyo wa miaka 70 alipofungua mlango, yule mtu alitoa bastola akamlenga kichwani na kufyatua. Risasi ilipita karibu na sikio. Wakashikana, bastola ikakwama, na mshambuliaji akakimbia. Mshukiwa, raia wa Denmark mwenye asili ya Lebanon, alikamatwa Uturuki mwaka 2014, lakini hakukabidhiwa kwa Denmark. Aliachiwa huko huko, jambo lililoikasirisha sana serikali ya Copenhagen.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo yule kijana hakulikuta katika simu yake, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote katika mkasa huu. Waislamu wa Denmark hawakushangilia. Jumuiya ya Kiislamu ya Denmark, ile ile iliyohusika kupeleka ujumbe Misri na Lebanon wakati wa vibonzo, ililaani shambulio hilo mara moja, tena ikasema kwamba inajutia sehemu yake katika mtafaruku wa mwaka 2006. Tawi la Denmark la jumuiya ya Minhaj-ul-Quran, yenye asili ya Pakistani, liliitisha mkutano mbele ya ukumbi wa manispaa ya Copenhagen kulaani risasi ile na kutetea haki ya mtu kusema, hata akisema yanayochukiza.

Fikiri, ndugu msomaji. Hawa ni akina baba ambao Hedegaard aliwasingizia unajisi wa watoto wao. Hawa ni akina mama ambao mabinti zao walisoma maneno hayo wakiwa shuleni na wenzao wa Kidenmark. Walikuwa na kila sababu ya kibinadamu ya kukaa kimya na kusema kimoyomoyo kwamba amevuna alichopanda. Wakachagua kusimama baridini mwezi Februari na kusema kwamba mtu huyu ni mwongo katika aliyoyasema juu yetu, lakini damu yake ni haramu.

Je, walikuwa wadhaifu wa imani? Turejee kwenye Suratul Maida, aya ya 8. Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini kwamba chuki yao kwa watu fulani isiwasukume kuacha uadilifu, na anaufanya uadilifu kuwa ndio ulio karibu zaidi na ucha Mungu. Aya hii haikuteremshwa kwa ajili ya mtu tunayempenda. Kumfanyia uadilifu rafiki hakuhitaji wahyi. Na katika Suratu Al Imran, aya ya 186, waumini wametangulizwa kuambiwa kwamba watasikia maudhi mengi kutoka kwa watu wa dini nyingine, na wakaelekezwa kwenye subira na taqwa.

Kisa cha Ifk

Huenda msomaji akasema: hayo yanahusu maudhi ya kawaida, ama kashfa ya heshima ya nyumba ina hukumu nyingine. Basi tuitazame nyumba yenye heshima kuliko zote. Mama wa Waumini, Bibi Aisha (r.a.), alizuliwa uongo katika tukio linalojulikana kwa jina la Ifk, na maneno yakazunguka Madina kwa muda wa kama mwezi mzima. Aliyeubeba uongo huo zaidi alikuwa Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akalalamika juu ya maudhi aliyofanyiwa katika ahli zake. Akasimama Saad bin Muadh (r.a.), akasema yuko tayari kuipiga shingo ya mwenye kufanya hivyo. Watu wa makabila mawili wakaanza kurushiana maneno hadi wakakaribia kupigana ndani ya msikiti. Mtume (s.a.w.) alifanya nini? Aliendelea kuwatuliza hadi wakanyamaza. Aliyekuwa na uchungu kuliko wote ndiye aliyezuia panga.

Kisha wahyi ukateremka katika Suratun Nur ukamtakasa Bibi Aisha. Sura hiyo hiyo, katika aya ya 4, imeweka adhabu ya bakora themanini kwa wanaowasingizia wanawake wenye kujihifadhi bila kuleta mashahidi wanne. Angalia ulivyo uzito wa kashfa katika dini yetu, na angalia pia kwamba adhabu yake si kifo wala haiko mikononi mwa mpita njia mwenye hasira. Na Abubakar Swiddiq (r.a.), baba mzazi wa aliyesingiziwa, alipoapa kumkatia msaada jamaa yake Mistah aliyeshiriki kueneza uongo ule, alifunzwa katika aya ya 22 ya sura hiyo asamehe. Akasamehe, akarudisha msaada.

Moto unaolisha biashara

Baada ya Hedegaard alitokea mwingine, na habari yake inatuonyesha jambo hili kwa tarakimu. Rasmus Paludan, mwanasheria, aliasisi chama cha Stram Kurs mwaka 2017. Kazi yake ilikuwa kwenda katika mitaa ya Waislamu, kuidhalilisha au kuichoma Misahafu, na kurekodi picha za vijana wakikasirika. Tarehe 14 Aprili 2019 alikwenda mtaa wa Nørrebro, Copenhagen, na vijana wakafanya ghasia na kuwasha moto. Katika siku zilizofuata akapata saini zaidi ya 20,000 alizozihitaji ili chama chake kiingie katika uchaguzi wa mwezi Juni. Alipata asilimia 1.8 ya kura, karibu sana na asilimia 2 inayompa mtu nafasi ya kuingia bungeni. Jiwe moja lililorushwa Nørrebro lilikuwa na thamani kwake kuliko hotuba mia moja.

Wakati wa Pasaka ya mwaka 2022 alifanya hivyo hivyo Sweden. Ghasia zilizuka Linköping, Norrköping, Örebro, Landskrona na Malmö, polisi zaidi ya mia moja wakajeruhiwa, na baadaye makumi ya vijana wakafikishwa mahakamani, wengi wao wakafungwa. Mwezi Septemba mwaka huo huo chama chake kiligombea Sweden na hakikufikisha hata kura 200 nchi nzima. Mtu ambaye watu wasiofika 200 walimtaka awe kiongozi wao alifanikiwa kuwatia jela watoto wa Waislamu kwa kiberiti na kamera. Mwezi Novemba 2024 mahakama ya Malmö ilimhukumu kifungo cha miezi minne kwa maneno yake ya mwaka 2022, naye akakata rufaa.

Wapo watakaosema kwamba ghasia zina faida, kwa sababu mwezi Desemba 2023 bunge la Denmark lilipitisha, kwa kura 94 dhidi ya 77, sheria ya kukataza kudhalilisha hadharani vitabu vitukufu vya dini. Ni kweli kwamba serikali ilitaja usalama wa nchi kuwa sababu mojawapo. Ni kweli pia kwamba nchi za Kiislamu ziliipinga dhihaka ile kwa njia za kibalozi, na wabunge wakaijadili kwa miezi kadhaa. Lakini tuseme kwamba sheria hiyo ni ngao kamili. Inaikinga karatasi ya Msahafu isichomwe. Haimkingi binti wa Kiislamu asiambiwe kwamba baba yake ni mnajisi. Kashfa ya Desemba 2009 haina sheria inayoweza kuifuta kabisa, kwa sababu inajibiwa na mwenendo wa nyumba zenyewe.

Nusu ya pili ya uadilifu

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wazazi, nami naomba nisikilizwe hadi mwisho.

Hedegaard alisema uongo alipouhusisha uovu wa watu waovu na umma mzima na dini yao. Uislamu umeharamisha zinaa yote, na ule wa maharimu umeuweka katika daraja ya uchafu wa kupindukia. Hilo halina mjadala. Lakini je, uongo wake unatupa sisi ruhusa ya kusema kwamba jambo hilo halimo kabisa katika nyumba zetu? Kila taifa lina waovu wake, nasi tunao wetu. Tukimkanusha mwongo kwa kusema uongo mwingine, tumempa ushindi asiostahili.

Nitakiri jambo. Miaka mingi iliyopita mama mmoja alinijia na binti yake wa miaka kumi na moja, akalalamika juu ya ami wa mtoto huyo aliyekuwa akiishi nao nyumba moja. Wazee wa ukoo walikutana, nami niliitwa kama mtu wa dini. Maneno yaliyotawala kikao yalikuwa mawili: aibu, na maadui wa Uislamu watasema nini. Mmoja wa wazee alisema wazi kwamba katika zama hizi ambapo Waislamu wanatukanwa duniani kote, si busara kuwapa watu silaha. Yule ami akatozwa fidia na kuonywa. Mtoto akapelekwa kwa bibi yake mji mwingine, akaacha shule na madrasa aliyoipenda. Mimi nilikuwa na elimu ya kusema hapana, nikanyamaza, kisha nikaombwa nisome dua ya kufunga kikao. Nikaisoma. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Tulidhani siku ile tunailinda dini. Kwa hakika tulimlinda mtu mmoja mwovu, na tukamtoza mtoto gharama ya ulinzi huo. Tena tulimruhusu mwandishi wa mbali, asiyetujua wala kutupenda, akae katika kikao chetu kama mzee wa ukoo, kwa kuwa hofu ya maneno ya watu kama yeye ndiyo iliyokata shauri.

Qurani haikutufunza hivyo. Wafasiri wanasimulia, katika maelezo ya Suratun Nisai kuanzia aya ya 105, kwamba mtu mmoja wa Madina aliyejiita Mwislamu, kutoka ukoo wa Ubayriq, aliiba deraya kisha lawama ikatupwa kwa Myahudi asiye na hatia. Jamaa zake wakamtetea ili ukoo usiaibike. Ilikuwa zama ambazo umma ulikuwa mchanga na maadui wamewazunguka. Kama hoja ya kutowapa maadui silaha ingekuwa hoja, ile ndiyo ilikuwa siku yake. Lakini wahyi uliteremka ukamtakasa Myahudi na kumfedhehi mwizi, nao unasomwa hadi leo. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, waumini wameamrishwa kusimama na uadilifu na kuwa mashahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kama ushahidi huo utakuwa dhidi ya nafsi zao, wazazi au jamaa zao wa karibu.

Hizi basi ni nusu mbili za uadilifu mmoja. Aya ya Suratul Maida inatuzuia kumdhulumu adui. Aya ya Suratun Nisai inatuzuia kumpendelea jamaa. Waislamu wa Copenhagen walioilaani risasi ya mwaka 2013 waliishika ile ya kwanza katika siku ngumu. Ile ya pili inatusubiri sisi sote, kila mmoja sebuleni kwake.

Tufanye nini majumbani? Kwanza, mtoto akisema, asikilizwe kabla ya kuulizwa kwa nini ameitia familia aibu. Aibu ni ya aliyetenda. Pili, mipaka iliyowekwa na sheria yetu ifuatwe bila kuona haya: watoto watenganishwe vitanda wanapofikia umri wa miaka kumi, na ujamaa usiwe sababu ya mtu mzima kuachwa faragha na mtoto wakati wowote. Tatu, jambo likithibiti au likishukiwa kwa dalili, lisifungiwe katika kikao cha ukoo. Hapa Tanzania katika vituo vya polisi kuna dawati la jinsia na watoto, na kuna namba ya simu 116 ya kumsaidia mtoto, ambayo hata ndugu zetu wa Kenya wanayo. Kutumia njia hizo si kuivunja sitara. Sitara imewekwa kwa aliyeteleza akatubu baina yake na Mola wake, wala haikuwekwa iwe pazia la kumdhulumu asiyeweza kujitetea.

Ijumaa iliyofuata nilimwita yule kijana nikamjibu upya. Nilimwambia kwamba tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba risasi ile ilimkosa mzee yule, kwa ajili yake na kwa ajili yetu. Nikamwambia kwamba akitaka kumjibu mtu aliyewasingizia akina baba wa Kiislamu, awe kaka ambaye dada yake hulala bila hofu, na siku moja awe baba wa namna hiyo. Na akisikia kilio cha mtoto katika nyumba yoyote, iwe ya jirani, ya mjomba wake au ya sheikh wake, asinyamaze kama mimi nilivyonyamaza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na watoto wetu, azisafishe ndimi zetu na uongo na nyoyo zetu na dhulma, na atujaalie tuwe waadilifu kwa tunaowachukia na kwa tunaowapenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.